Katikati Palikwaruza

Mume wangu alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari, na wanafunzi wake walimwita Kivuli. Si kwa wembamba, maana tumbo alikuwa nalo, na si kwa ukimya, maana mdomo wake haukujua likizo. Walimwita hivyo kwa sababu ya maneno aliyoyarudia mpaka jirani yetu muuza mkaa akawa ameyahifadhi: "Tia kivuli usichokitaka. Unachokitaka kiache cheupe."

Mimi ni fundi cherehani. Hesabu zangu ni za kiuno na kifua, na hizo zinanitosha. Lakini huwezi kuishi na mtu kama yule ukabaki mjinga, kwa hiyo nami nilijifunza hivyohivyo, mguu kwenye pedeli na pini mdomoni. Kuna hesabu za masharti. Sharti la kwanza linasema hiki kiwe kikubwa kuliko kile, unachora mstari kwenye grafu, na karatasi inagawanyika pande mbili. Upande mmoja unatimiza sharti, mwingine hautimizi. Ule usiotimiza unaupaka penseli. Linakuja sharti la pili, unachora mstari mwingine, unapaka tena. Ukimaliza masharti yote, pale palipobaki peupe ndipo jibu lako lilipo.

Maneno yake hayo aliyatumia kila mahali. Mteja akija dukani kwangu hajui anataka gauni la namna gani, mume wangu ataingilia kutoka kiti chake cha pembeni: "Mama, mwambie fundi kwanza usichokitaka." Nilimfukuza mara nyingi, naye alirudi mara nyingi. Tena alijua kuna watu wanaofanya kinyume, wanaopaka penseli pale wanapopataka. Aliwacheka. "Hao," aliniambia, "ni sawa na mtu anayefagia chumba kisha takataka akazirundika juu ya kitanda chake." Tulicheka wote. Utani ule ulikuwa wa nyumbani, darasani hakuupeleka, kwa kuwa vitabu vyao vyote vilipaka kama yeye na hakuona sababu ya kuwachanganya watoto wa watu. Nimeufikiria sana utani ule tangu hapo.

Kisha akaja Mbishi.

Alikuwa binti asiyeona, kapofuka kwa surua kabla ya kujua rangi. Alisoma shule ya msingi ya wasioona, akafaulu, akapelekwa sekondari ya kawaida ambako alikuwa peke yake wa namna yake. Wazazi hakuwa nao. Alilelewa na baba yake mdogo, muuza vipuri vya baiskeli, mtu mwenye watoto wengi na maneno machache. Shuleni walikuwa na utaratibu wao: likifika somo la grafu, asiyeona akae nyuma apumzike, na kwenye mtihani wa mwisho maswali ya grafu asamehewe. Walidhani wanamfanyia hisani.

Siku ya somo la grafu mume wangu alichora ubaoni, akatia mzaha juu ya cheupe chake, darasa likaangua kicheko. Binti akanyoosha mkono kutoka nyuma. "Mwalimu, wanacheka nini?" Akamwambia ni mchoro tu, mwanangu, pumzika. Binti akasema, "Mimi sikuja shuleni kupumzika. Na mimi nataka kukijua hicho cheupe."

Mume wangu alirudi nyumbani akaisukuma sahani. Mwanamume aliyekuwa akinilambia mpaka sufuria, leo chakula kinapoa mbele yake. Nikamuuliza kama anaumwa. "Kuna mtoto kanishinda," akasema, na usoni alikuwa na furaha ya mtu aliyepata mwenzake.

Wiki hiyohiyo alichukua ubao laini kwa seremala, akauchimba vijishimo kwa safu, wima na mlalo, akanunua misumari midogo isiyo na kichwa. Mstari unaohesabiwa ndani ya jibu alitumia mpira wa kubania noti, unyooke laini kati ya misumari miwili. Mstari usiohesabiwa, ule ambao kwenye karatasi huchorwa kwa vidoti, alitumia uzi wangu wa kushonea magunia, kaupiga mafundo. Kidole kikipita juu ya mafundo kinajua: huu ni mpaka tu, usiukanyage. Pale katikati mistari mikuu miwili inapokutana, kwenye sifuri, alibandika kifungo cha suruali. Kifungo hicho alikikwanyua kwenye suruali ya mteja niliyokuwa nimeimaliza, na tuligombana mpaka muuza mkaa akaja kuamua.

Kivuli kilikuwa kazi yangu. Nilikata vipande vya gunia, vya pembetatu, vya mraba, virefu na vifupi, nikavipiga pindo visichanike. Penseli ya wenzake ilikuwa gunia kwake. Palipokwaruza, hapatakiwi. Palipobaki mbao laini, ndipo jibu.

Binti alikuja dukani kwangu kila baada ya masomo. Nilimwekea stuli karibu na dirisha, si kwa ajili ya mwanga, kwa ajili ya upepo. Mume wangu anamsomea swali, yeye anafunga mipira kwenye misumari.

"Haya. Upande gani?"

"Namuuliza kifungo," anasema. "Sifuri jumlisha sifuri ni sifuri. Sifuri ni kubwa kuliko nne? Uongo. Basi upande wa kifungo ufunikwe gunia."

Anafunika. Sharti la pili, anafunika. La tatu, anafunika. Kisha anaweka kiganja chote juu ya ubao, anatafuta, na kidole kikiteleza kwenye mbao tupu uso wake wote unafunguka. Nimeshonea maharusi wengi katika maisha yangu. Sijamwona mmoja mwenye uso kama ule.

Jina la Mbishi alipewa na mume wangu, na alilipenda. Binti hakukubali kitu mpaka akibinye pande zote. "Na mstari ukipita juu ya kifungo chenyewe, nimuulize nani?" Mume wangu alipiga meza kwa furaha. "Safi! Aliyekaa juu ya ua huwezi kumuuliza yuko upande gani. Tafuta jirani mwingine." "Jirani yupi?" "Yeyote, mradi hajakaa juu ya ua." "Na kama majirani wawili watatofautiana?" Wanabishana hivyo mpaka mimi nakosea mshono. Wanetu wenyewe walikuwa wameshaoa na kuolewa, nyumba ilikuwa imepoa, na sasa ilikuwa na kelele tena. Sitaficha, nilimpenda yule mtoto kama niliyemzaa.

Siku moja mume wangu alimtega. Alifunga mipira miwili iliyokwenda sambamba, isiyokutana, akamwambia afunike kwa masharti. Mbishi akafunika upande huu, akafunika upande ule, na magunia yakapandana. Akaanza kupapasa. Akapapasa ubao wote, pembe zote, hakuna palipo laini.

"Mwalimu, umenificha."

"Sijaficha kitu."

"Mbona hakuna?"

"Ndiyo hivyo. Sharti moja linataka juu ya mstari wa juu, lingine linataka chini ya mstari wa chini. Nani anaweza kuwa pote? Hakuna. Na hakuna ni jibu kamili, Mbishi. Wengi wakilifikia wanaogopa, wanaanza kubuni nafasi isiyokuwepo. Wewe ukilikuta, liandike bila kutetemeka."

Akaacha mkono juu ya magunia. "Hakuna," akasema polepole, kama anayeonja.

Mbishi alitaka kuwa mwalimu wa hesabu. Si mwalimu wa wasioona, alisema, mwalimu wa hesabu, wa yeyote yule. Chuo cha ualimu kilikuwa na sharti lake: hesabu ziwe kamili. Aliyesamehewa grafu cheti chake huwekewa alama, na mwenye alama hiyo hafundishi hesabu. Kwa hiyo ilibidi asisamehewe. Mkuu wa shule alikuwa mama mmoja mwenye miwani shingoni, asiyependa jambo jipya. "Mwalimu," alimwambia mume wangu, "kama mtoto anabebwa, kwa nini umshushe atembee?" Mume wangu akamjibu kwamba mtoto ana miguu. Mkuu akasema sawa, ila akiharibu, lawama ni yako.

Baba mdogo alikuja dukani kwangu kuzungumza. Alisimama mlangoni, mikono ina grisi. "Mama, mimi sikatai. Akifaulu hizo hesabu zenu aende chuo, nitajikamua. Asipofaulu, nimeshamwombea nafasi kwenye karakana ya kusuka viti. Kwangu ana pa kula, lakini siwezi kumweka akae tu." Alisema kwa heshima na alikuwa na haki. Mbishi alikuwa amekaa palepale kwenye stuli yake. "Nimesikia, baba," akasema. "Nitafaulu." Mambo yakawa hayo mawili, chuo au viti, na swali la grafu lilikuwa na alama nyingi kuliko yote.

Siku ya mtihani mume wangu hakuruhusiwa hata kukaribia uwanja wa shule. Mbishi aliwekwa chumba chake na msomaji aliyeletwa kutoka kwingine, amsomee maswali na kuandika majibu yake. Michoro aliletewa kwenye karatasi nene, mistari imeinuliwa, na kivuli kimefanywa kwa vidoti vikali vinavyokwaruza kidole.

Sasa nitasema kilichotokea, ingawa sisi tulikijua baada ya miaka. Swali lilikuwa na mistari miwili sambamba. Kwenye karatasi ya kawaida, ya wanaoona, penseli ilipakwa juu ya mstari wa juu na chini ya mstari wa chini, na katikati paliachwa peupe kama barabara. Jibu lilikuwa hapo katikati, na maswali madogo yote yaliyofuata yalitoka hapo. Lakini aliyeitengeneza karatasi nene, popote alipokuwa, alikuwa mmoja wa wale wa takataka juu ya kitanda. Nadhani alitaka kumsaidia kipofu. Alifikiri kidole kitapata kwa urahisi panapokwaruza, basi akaweka vidoti katikati, kwenye jibu lenyewe, na pembeni akaacha laini. Herufi inayotaja eneo aliiondoa, kupunguza msongamano. Hakuandika neno moja la kueleza. Na msomaji alisoma kilichoandikwa: taja masharti ya eneo linalotakiwa, kisha taja nukta zilizomo.

Mbishi akaweka kidole. Katikati pakamkwaruza. Hapatakiwi, basi. Kinachotakiwa kiko juu ya mstari wa juu, na kiko chini ya mstari wa chini, kwa pamoja, na nukta moja haiwezi kuwa pote pawili. Akatabasamu, najua alitabasamu, ni kama namwona palepale alipokaa. Akamwambia msomaji aandike: hakuna nukta inayotimiza masharti yote mawili. Hakutetemeka.

Alikuja dukani mbio, fimbo yake inagonga ukuta. "Mama! Walitega! Walidhani nitaogopa." Mume wangu naye aliingia, karatasi ya wanaoona mkononi, kapewa na mwanafunzi mwingine, na uso unang'aa maana swali lilikuwa rahisi.

"Ulijibu nini, mwanangu?"

"Hakuna!"

Nikaona uso wake unavyozima. Aliitazama karatasi, akaigeuza, akaitazama tena. "Hakuna? Mbishi, mbona katikati pako wazi?"

"Katikati palikwaruza, mwalimu."

"Pako wazi. Ninaiona hapa. Peupe kabisa."

"Palikwaruza. Nimepita mara nyingi. Pembeni ndiko laini."

"Ulikimbilia." Alikuwa na hofu, na hofu yake ilitoka kwa sauti ya ukali. "Ulikumbuka mtego wetu ukakimbilia. Kidole kilitangulia akili."

"Lakini mwalimu..."

"Usinibishie!"

Pini zilikuwa mdomoni mwangu. Muda wote mume wangu aliokaa naye hakuwahi kumwambia vile. Yeye ndiye aliyempa lile jina. Mbishi akakaa kwenye stuli, na nilimwona akisugua kidole chake cha shahada kwa gumba, taratibu, kana kwamba kina uchafu. Baadaye akasema kwa sauti ndogo, "Labda nilikimbilia." Nani angefikiri kwamba karatasi mbili za mtihani mmoja zinasema mambo mawili? Hakuna aliyefikiri. Karatasi nene ilirudishwa kwenye bahasha, ikafungiwa kabatini kwa mkuu, na mume wangu hakuomba kuiona, kwa sababu aliamini ameshaiona.

Matokeo yalitoka. Alianguka hesabu, alikosa kidogo tu, kiasi ambacho swali lile pekee lingekijaza na kumwagika. Mkuu wa shule akavaa miwani yake, akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Muuza mkaa akaja na lake, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikamwambia aende akauze mkaa. Watu wana methali kwa kila msiba wa mwenzao.

Mbishi alikuja kuaga. Nilitaka aondoke na ubao, akakataa. "Nitauweka wapi, mama? Utajaa vumbi." Aliupapasa kidogo, akakigusa kifungo. Mume wangu alikuwa amejifungia chumbani, anajifanya amelala. Mchana ule, na jua lote lile. Binti alijua. "Mwambie mwalimu nimemshukuru," akasema. "Mwambie asijilaumu, ni mimi niliyekimbilia."

Baada ya hapo mume wangu alifundisha, ndiyo, mshahara uliingia. Lakini maneno yake ya kivuli hayakusikika tena nyumbani. Mteja asiyejua anachotaka alimwangalia tu. Wanafunzi wapya walikuja, wakalikuta jina la Kivuli, wakadhani ni kwa ukimya wake. Ubao niliutundika nyuma ya mlango, na kila nilipofagia niliona namna anavyopita bila kuuelekea. Aliamini alimshusha mtoto mgongoni kabla hajaweza kutembea. Nilimwambia mara ngapi kwamba alifanya kwa nia njema. "Nia," alinijibu siku moja, "haina alama kwenye mtihani."

Karibu na kustaafu kwake, shule ikapata mkuu mpya, kijana wa kufagia kila kitu. Kabati la zamani likafunguliwa, makaratasi yakarundikwa uwanjani yachomwe. Mume wangu alikuwa anapita. Aliona bahasha imechanika, na karatasi nene inatokeza. Hakuisoma kwa macho, maana macho hayakuona kitu, ilikuwa nyeupe yote. Aliileta nyumbani.

Nilimkuta mezani kafumba macho, kidole kinatembea. Kinakwenda, kinarudi. Jasho linamtoka.

"Njoo," akasema. "Fumba macho. Weka kidole hapa. Unasikia nini?"

Niliweka kidole. Cherehani imeniachia vidole vyema. "Kuna mistari miwili," nikasema. "Pembeni laini. Katikati panakwaruza."

Maneno yakanitoka kabla sijajua nasema maneno ya nani. Nikafumbua macho. Mume wangu alikuwa anaulilia mchoro wa hesabu, mabega yanatikisika, mwanamume mzima mwenye wajukuu. "Aliniambia," akasema. "Aliniambia, mke wangu. Nikamwambia asinibishie."

Alihangaika. Alikwenda kwenye ofisi ya mitihani, akapokewa na bwana mpole sana aliyemsikiliza mpaka mwisho, akamwambia masikitiko yake, na kwamba matokeo ya zamani kiasi kile hayafunguliwi. Alikwenda chuo cha ualimu, wakamwambia wanachukua waliomaliza karibuni. Kila mlango ulimjibu kwa adabu. Nilimwambia maji yamemwagika. Akasema, "Najua. Ila yeye hajui kwamba si yeye aliyeyamwaga."

Tukaenda karakana ya viti, wawili sisi. Ilikuwa banda refu nyuma ya ghala, madirisha juu, harufu ya vanishi na kamba za plastiki. Walikaa kwa safu kwenye viti vifupi, kila mmoja na fremu kati ya magoti, mikono inakwenda bila kusimama. Msimamizi akatuonyesha Mbishi kwa kidevu. Alikuwa amenenepa kidogo, kafunga kitambaa kichwani, mwanamke sasa. Mume wangu alikohoa kabla hajasema, na mikono ya Mbishi ikasimama.

"Mwalimu," akasema.

"Mwanangu."

"Na mama yupo. Nasikia sabuni yake." Alicheka, akatutafutia stuli kwa mguu. Akauliza wajukuu, akauliza cherehani, akauliza muuza mkaa. Mume wangu alijibu kila kitu, karatasi imo ndani ya koti, mkono umeishika. Mwishowe nikamgusa goti.

Akamweleza. Hakujitetea hata kwa neno moja. Alisema karatasi yako ilitengenezwa kinyume na nilivyokufundisha, na nilijua kuna watu wanaofanya hivyo, na sikukuambia. Alisema wewe ulisoma sawasawa. Kisha akamwekea karatasi mikononi. "Iguse mwenyewe. Usiniamini mimi."

Mbishi akaifuta mikono kwenye sketi. Akaweka kidole cha shahada juu ya karatasi, akakipitisha. Akakirudisha. Akajaribu cha kati. Akajaribu cha mkono mwingine. Nikaona anakunja uso kama mtu anayesikiliza sauti ya mbali.

"Kuna nini hapa, mwalimu?"

"Mchoro. Ule ule."

"Siusikii." Alisugua tena, kwa nguvu. "Kwangu ni karatasi tupu."

Nikaishika mikono yake nikaigeuza. Kamba zilikuwa zimekula ncha zote za vidole, ngozi imekuwa ngumu, ya njano, imepasuka na kupona na kupasuka tena. Nilikandamiza kwa kucha yangu. Hakushtuka. "Hata kusoma niliacha," akasema, kana kwamba anatuomba radhi. "Vitabu vya nukta mwanzoni nilikuwa nasoma, baadaye vikawa vinafutika. Vidole vya viti havisomi."

Banda lote lilikuwa na sauti ya kamba zinazovutwa.

Mbishi ndiye aliyepata njia. Aliinua karatasi kwa mikono miwili, akaiweka shavuni. Akaisogeza polepole, kutoka sikioni kuja puani, akafumba macho yale yasiyoona.

"Huku laini," akasema. Akasogeza. "Hapa panakwaruza." Akasogeza. "Huku laini."

"Ndiyo."

"Katikati."

"Katikati, mwanangu."

Karatasi bado iko shavuni mwake. "Basi nilijibu sawa."

"Ulijibu sawa. Ulijibu sawa tangu siku ile."

Nilidhani atalia, nilikuwa nimeshatoa leso. Hakulia. Aliishusha karatasi, akainyoosha juu ya magoti, akaikunja pembe kwa pembe kama nilivyomfundisha kukunja vitambaa, akamrudishia.

"Unajua, mwalimu," akasema, "kidole changu kilikataa mwaka mzima. Kila nikilala kinaniambia palikwaruza, palikwaruza. Nikakinyamazisha. Nilikuamini wewe kuliko kidole changu."

Msimamizi aliita kwamba gari la viti limefika. Mbishi akaivuta fremu yake kati ya magoti, akaitafuta kamba kwa kiganja, maana kwa ncha za vidole asingeipata, akaendelea kusuka.